Mwalimu wa Kiingereza na Ulimi wa Tapeli

Utapeli wa fedha umeingia darasani kwa heshima zote. Katika mafunzo ya Kiingereza kwa watu wasiozaliwa nacho, umekuwa somo kama yalivyo masomo ya soko, safari na hali ya hewa. Mwanafunzi hupewa orodha ya majina ya hila, hujaza mapengo, kisha huulizwa swali la mazungumzo: je, umepata kutapeliwa? Mwalimu hutoka ameridhika kwamba amefundisha lugha na maisha kwa pamoja. Ridhaa hiyo haina msingi. Orodha ya majina ya magonjwa haijamponya mgonjwa, wala orodha ya majina ya hila haijamwokolea mtu fedha yake.

Tanzania ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Tangu 1967 Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kina nafasi hiyo katika sekondari. Kwa hiyo kijana hutaabika na Kiingereza katika miaka ileile aanzayo kushika simu yenye fedha ndani yake. Lakini tapeli humjia kwa Kiswahili. Ujumbe wake ujulikanao sana una maneno machache tu: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Mwanasarufi na autazame. Tapeli hakusema "pesa". Alisema "ile pesa". Kwa kionyeshi kimoja amejenga deni na mapatano ambayo hayakuwapo kamwe. Mtu ambaye kwa kweli alikuwa akijiandaa kumlipa mwingine hukumbushwa na neno hilo deni lake mwenyewe, naye hutuma bila kuuliza.

Hila hiyo ni ya sarufi, na dawa yake ni sarufi. Kiingereza kina neno lake dogo litanguliaolo jina la kitu kinachojulikana kwa wasemaji wote wawili, na neno hilo huwatesa wanafunzi ambao lugha zao hazina mfano wake kamili. Desturi ni kulifundisha kwa jua na mwezi. Mwalimu angalilifundisha kwa ujumbe wa tapeli, mwanafunzi angalijua mara moja kazi yake, na angalizoea kuuliza: pesa ipi? Vivyo hivyo kauli ya kutendwa. "Akaunti yako imefungwa." Imefungwa na nani? Vivyo hivyo wakati timilifu. "Umeshinda." Mashindano gani, na kuingia kulikuwa lini? Maswali matatu ya namna hii yana thamani kuliko majina thelathini ya hila.

Yasemwa kwamba ulinzi ni kazi ya polisi na sheria. Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, na nambari ya tapeli huweza kuripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Lakini sheria hufika fedha ikiwa imekwisha kwenda. Kabla ya fedha kwenda kuna dakika moja ya maneno, na maneno ni shamba la mwalimu wa lugha. Akiliacha, hapana mwingine wa kulilima.

Mambo ya DECI, mradi uliosimamishwa nchini mwaka 2009, yathibitisha hayo. Washiriki wake hawakuambiwa kwamba wanatoa fedha. Waliambiwa wanapanda mbegu, nao watavuna. Neno tukufu la mkulima lilifunika hesabu. Baadaye jambo lenyewe likaitwa upatu, na jina la upatu wa haki likatiwa doa. Katika upatu wa haki watu kumi hutoa shilingi 10,000 kila mwezi, na kila mmoja kwa zamu yake hupata 100,000. Hapana senti iliyozaliwa. Charles Ponzi, aliyeahidi watu wa Boston mwaka 1920 faida ya nusu ya fedha yao kwa siku 45, aliwalipa wa kwanza kwa fedha ya waliofuata. Hesabu ya miradi hiyo ni fupi. Kila mtu akitakiwa kuleta wengine sita, ngazi ya kumi peke yake huhitaji watu 60,466,176. Na sensa ya 2022 ilihesabu Tanzania nzima watu 61,741,120. Darasa la Kiingereza linaloweza kutamka jina la Ponzi lakini lisiweze kueleza hesabu hiyo, kwa lugha yoyote, limefundisha kasuku.

Limebaki lile swali la mazungumzo. Kumtaka mwanafunzi asimame aeleze jinsi alivyotapeliwa, tena kwa lugha asiyoimudu, ni kumvua nguo mara mbili. Watu ni wepesi wa kumrushia aliyetapeliwa methali ya "tamaa mbele, mauti nyuma", kana kwamba kila mhanga ni mroho. Mama aliyepigiwa simu kwamba mwanawe ni mgonjwa shuleni, akatuma fedha ya matibabu, alikuwa na tamaa gani? Alitapeliwa kwa mapenzi yake. Aibu ikimfunga kinywa, tapeli hupata ulinzi asioulipia. Swali la haki ni hili: tapeli alisema nini, na ni neno gani lilifanya kazi? Hapo mshtakiwa huwa ni maneno, na mwanafunzi hukaa katika kiti cha hakimu.

Mwalimu wa Kiingereza ana deni la ziada. Mahali ambapo Kiingereza huhesabiwa kuwa elimu yenyewe, barua iliyoandikwa kwa lugha hiyo huaminiwa kabla ya kusomwa, na mkataba hutiwa sahihi kwa kuona haya kuuliza maana. Mwanafunzi asiyefundishwa kukishuku Kiingereza hajafundishwa Kiingereza. Akifundishwa kuuliza, kukataa na kukata simu bila kuomba radhi, kwa lugha zote mbili, ile methali ya wahenga itatimia: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.