Kadi ya Raia au Kadi ya Muuguzi?

Dola ikiwa na fedha za kutengeneza kadi moja tu, imtengenezee nani? Swali hili Waingereza walilikwepa mwaka 2006, Bunge lao lilipopitisha Sheria ya Vitambulisho iliyokusudia kuwaandikisha wakazi katika daftari la taifa, pamoja na alama za vidole vyao. Hatimaye takriban watu 15,000 ndio waliochukua kadi hizo, kwa pauni 30 kila mmoja, kabla ya serikali mpya kuifuta sheria hiyo mwaka 2010. Waliolipa hawakurudishiwa fedha zao.

Ubishi huo ulikuwa na mizizi. Vitambulisho vya wakati wa vita, vilivyoanza mwaka 1939, vilikomeshwa mwaka 1952 baada ya dereva mmoja, Clarence Willcock, kukataa kumwonyesha polisi chake. Mahakama ilimwona na hatia, ila majaji waliikemea polisi kwa kudai kadi ovyo ilhali vita vilikwisha. Msomaji wa Kenya hana budi kutabasamu kwa uchungu hapa, maadamu ni watawala hao hao ambao katika miaka ya 1920 waliwalazimisha wanaume Waafrika kuning'iniza kipande shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kipande kilimtaja mwajiri wa mtu na ujira wake. Hakikusema lolote kuhusu mama mgonjwa aliyeachwa kijijini.

Ipo kadi nyingine, nyonge kwa sura, ambayo halmashauri nyingi za Uingereza huwapa watu wanaowahudumia jamaa zao wazee, wagonjwa au walemavu bila malipo. Haihitaji alama za vidole. Hueleza tu kwamba aliyeibeba anamtunza mtu asiyeweza kuachwa peke yake, na hutoa nambari ya simu. Chukulia binti ametoka kununua dawa, akagongwa na gari, naye babaye aliyepooza yuko kitandani akimngoja. Kitambulisho cha taifa kitawaambia madaktari jina la majeruhi. Kadi hii itawafanya wapige simu, na kwa mpango uliowekwa mapema, mtu afike kwa mzee yule kabla ya usiku kuingia.

Watu hawa si wachache. Sensa ya mwaka 2001, iliyokuwa ya kwanza kuuliza jambo hili, iliwapata takriban milioni 5.2 katika Uingereza na Wales pekee. Kabla ya hapo walikuwa kama hawapo. Posho yao ilianzishwa mwaka 1976, lakini wanawake walioolewa walinyimwa hadi mwaka 1986, kwa hoja kwamba wao wangekaa nyumbani vyovyote vile!

Yamkini mpinzani atadai kwamba kadi ya namna hii haina meno, kwani haimpi mtu ruhusa kazini wala pesa mfukoni. Dai hilo ni la kweli, na halifai kufunikwa. Pasipo mtu wa kuipokea simu na mwingine wa kwenda kwa mgonjwa, kadi hubaki karatasi. Lakini hilo ndilo linaloipa uzito hoja yenyewe: fedha zinazomwagwa kwenye madaftari ya alama za vidole zingewalipa watu hao. Kinadharia kadi zote mbili zaweza kutolewa pamoja. Katika bajeti, ile ya kwanza aghalabu humeza kila kitu. Septemba 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza mpango wa kitambulisho cha kidijitali, na kwa mara nyingine mjadala ukageukia ni nani ana haki ya kufanya kazi. Kazi ya yule asiyelipwa haikuwa kiini cha mjadala huo.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili lipo pia suala la jina. Mtu huyu aitweje? "Mlezi" huelekeza mawazo kwa mtoto; "mwangalizi" hunukia usimamizi wa mitihani. "Muuguzi" ndilo neno lenyewe, litokanalo na kuuguza, ingawa hospitali zimelichukua na kulivisha sare. Anayemgeuza mamaye kitandani saa nane za usiku anauguza, na mwenye kutafsiri kadi hiyo kwa Waswahili waishio Uingereza anaweza kumrudishia neno lake.