Usafi wa gari uanzie vitini

Aghalabu mwenye gari ya abiria hulipa ili bati ling'ae, ilhali viti vimeshiba vumbi, jasho na maziwa ya watoto. Huo ni usafi wa kutazamwa tu. Abiria aendaye msikitini hakai juu ya bati. Hukaa kitini, na najisi iliyobaki humo, ikikutana na jasho, huhamia katika nguo atakayoswalia.

Kazi yenyewe si ngumu. Vumbi litolewe kwanza kwa brashi, kwani likikutana na maji huwa tope. Palipo na matapishi au mkojo, uchafu uondolewe mapema, pamiminiwe maji safi, kisha yakaushwe kwa taulo. Sehemu nyingine zisuguliwe kwa povu la sabuni isiyo kali na kupanguswa. Kiti kisiloweshwe chote, kwani sponji huficha maji, ikaota ukungu na kunuka. Milango iachwe wazi hadi kikauke.

Tunaonya juu ya mambo mawili. Petroli isitumiwe kuondoa madoa, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Na dawa ya klorini isiguse mikanda ya usalama, kwani hudhoofisha nyuzi zake, na mkanda dhaifu huweza kukatika siku unapohitajiwa.

Wenye magari tunawausia: nauli mnayopokea ni ya kiti, si ya rangi. Aliyelipa apewe kiti safi. Hiyo ni haki yake juu yenu.