Muhuri wa Mwenyekiti Hauhamishi Nyumba

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, mashamba ya mtama na uwele ya Ihumwa, Nala na Mtumba yamegeuka viwanja, na katika baadhi ya viwanja hivyo nyumba inauzwa tena kabla rangi haijakauka. Ununuzi wenyewe umeshakuwa na mazoea yake. Dalali anaonyesha nyumba, bei inapatanwa, pande zote mbili zinakwenda ofisi ya serikali ya mtaa na mashahidi wao, mkataba wa karatasi moja unasainiwa, mwenyekiti anagonga muhuri, fedha inaingia benki, funguo zinatolewa. Mnunuzi anarudi nyumbani akijua amenunua nyumba. Ninavyoona mimi, alichonunua ni ahadi ya muuzaji, na kinachowatia watu hasara si kukosa mkataba, bali kulipa fedha yote siku ya mkataba.

Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. Sharti hilo karibu kila mtu analijua. Linalosahaulika ni kwamba kwa nyumba yenye hati, miliki haihami mpaka uhamisho usajiliwe. Kati ya saini ya mtaani na usajili kuna safari: taarifa kwa Kamishna wa Ardhi, uthamini, kodi ya faida ya mauzo pale TRA, ushuru wa stempu, kisha Msajili wa Hati. Safari hiyo ikiwa haijakamilika, jina lililomo kwenye daftari ni la muuzaji. Anaweza kukopea nyumba hiyo, anaweza kumuuzia mtu wa pili, anaweza kufa na warithi wakaja na hesabu zao. Na Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba watu wawili wakigombea ardhi, mwenye hati ndiye atakayehesabiwa kuwa mmiliki halali, isipokuwa ithibitishwe kwamba aliipata kinyume cha sheria. Kwa hiyo mnunuzi wa pili aliyekwenda kusajili mapema bila hila anaweza kumwacha wa kwanza na mkataba wake mkononi, akihangaika kumtafuta muuzaji amrudishie fedha.

Simdharau mwenyekiti wa mtaa. Anawajua wakazi wake, na ushahidi wake una uzito pale mtu anapokana saini yake. Lakini anachoshuhudia ni kwamba watu hawa walikuja mbele yake wakapatana. Daftari la ardhi halimo kwenye kabati lake. Hali ni hiyohiyo kwa risiti ambazo wauzaji hupenda kuzionyesha. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, maana yake mpangaji anayenunua umeme ndiye anayeilipa, na hakuna atakayesema kwamba kwa hilo nyumba imekuwa yake.

Dodoma ina ugumu wake wa ziada, nao ni historia ya karatasi zenyewe. Kuanzia 1973 ardhi ya makao makuu ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyowapa wananchi hati za upangaji za miaka 33. Mei 15, 2017 Rais Magufuli aliivunja mamlaka hiyo, kazi zake zikahamia kwenye halmashauri, na ikaagizwa hati zitolewe na Wizara ya Ardhi kwa miaka 99. Mnunuzi anayeonyeshwa hati ya CDA ya mwaka 1990 kwa nyumba ya Area C au Area D achukue kalamu ajumlishe: miaka 33 iliisha 2023. Huenda mwenye nyumba alishabadilisha, huenda karatasi anayoionyesha ndiyo hiyo tu. Mwingine ana barua ya ofa ambayo masharti yake ya malipo hayakutimizwa. Mwingine ana mkataba wa kununua shamba kwa mzee wa kijiji, wa enzi ambazo mahali hapo palikuwa bado kijiji. Zote zinaitwa karatasi za nyumba, na kila moja ina nguvu yake tofauti. Ndiyo sababu kumuuliza muuzaji kama ana karatasi hakusaidii sana. Linalosaidia ni upekuzi kwenye daftari la Msajili, unaoonyesha jina la mmiliki, mkopo wa benki na zuio kama lipo.

Hata daftari halisemi yote. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Nyumba ya marehemu nayo haiuzwi na mtoto mkubwa kwa sababu ndiye anayekaa humo. Anayeiuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kusema hukujua hakutakuokoa, kwani sheria inamchukulia mnunuzi kuwa anajua kile ambacho angekijua kama angeuliza inavyopasa. Kugonga kwa jirani na kuuliza nani anaishi pale hakuhitaji hata nauli.

Nitaambiwa kwamba soko la Dodoma halisubiri: ukisema unakwenda kufanya upekuzi, mwenye fedha taslimu anakupita. Ni kweli, lakini haraka hiyo ina dawa, nayo ni kugawa malipo. Sehemu ndogo itolewe upekuzi ukishakuwa safi, sehemu kubwa pale hati ya uhamisho inaposainiwa na hati halisi ikiwa kwa wakili, na kiasi kinachouma kibaki mpaka usajili. Wakati huo mnunuzi anaweza kuweka zuio kwa Msajili ili nyumba isiuzwe nyuma ya mgongo wake.

Nitaambiwa pia kwamba gharama ni kubwa. Kodi ya faida kwa mkazi imekuwa asilimia 10 ya faida, ushuru wa stempu asilimia 1, na wakili naye anataka chake. Hapa ndipo wengi wanapopatana kuandika bei ndogo kwenye mkataba. Mthamini ana makadirio yake, kwa hiyo unafuu wenyewe ni mdogo. Lakini mauzo yakivunjika mahakamani, mnunuzi atadai kurudishiwa bei gani, kama si ile iliyoandikwa? Tena watu haohao wanaokwepa stempu hulipa bila kunung'unika asilimia inayodaiwa na baadhi ya ofisi za mitaa, ambayo katika Sheria ya Ardhi haimo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la nyumba ambazo hazimo kwenye daftari lolote, kama zile za Chang'ombe na maeneo mengine yaliyojengwa kabla ya kupimwa, au za vijijini Bahi na Chamwino. Huko Msajili hana la kukuambia. Kwa ardhi ya kijiji, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1985 kwamba mauzo bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili, na halmashauri ni kikao chenye muhtasari, si mwenyekiti peke yake. Mjini, kwa nyumba isiyopimwa, saini za mke au mume, ndugu na majirani wa pande zote nne ndizo zinazoshika nafasi ya upekuzi, na urasimishaji uanze mara moja. Huko ninakubali kwamba ofisi ya mtaa ndiyo kimbilio.

Lakini kwa viwanja vilivyopimwa, Jiji linaweza kuagiza kwamba mkataba usigongwe muhuri bila taarifa ya upekuzi ya ndani ya mwezi huo. Madalali watalalamika kwamba biashara imepoa, na kwa wiki chache za mwanzo watakuwa wanasema kweli.