Hesabu ya Kichwa na Mizani ya Kahawa

Wako watu hapa Karagwe na Kyerwa wasemao kwamba hesabu ya kichwa imepitwa na wakati, maana simu huzidisha upesi. Neno hili si kweli. Simu hujibu tarakimu zilizobonyezwa. Zikibonyezwa vibaya, haimwonyi mtu.

Tuseme mkulima ameleta mizanini kilo 98 za kahawa, na bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Kilo 100 ni shilingi 300,000. Atoe kilo 2, yaani 6,000, zabaki 294,000. Kisha apime kwa tisa. Tarakimu za 98 zikijumlishwa ni 17, yaani 8. Mara 3 ni 24, yaani 6. Tarakimu za jibu ni 15, nazo ni 6. Zapatana. Karani akiandika 284,000 itatoka 5, na kosa litafichuka papo hapo. Akipindua tarakimu, aandike 249,000, kipimo cha tisa hakioni. Lakini njia ya kwanza yaona.

Basi, waalimu wenzangu, tusiwakaririshe watoto kama kasuku. Tuwafundishe mwenendo wa hesabu, jasho la wazazi wao lisipotee mezani pa karani.