Vazi Haliulizi Damu

Limezuka neno, nalo linarudiwa na watu wenye heshima zao, kwamba mtoto aliyezaliwa ugenini hana haki ya kuvaa vazi la wazee wake anapokwenda kuizuru nchi yao. Huambiwa kuwa amekwenda kuigiza. Huambiwa kuwa lugha haijui, mvua ya huko haijamnyea na damu yake imekwishachanganyika. Basi na avae suruali yake kama watalii wengine. Waskoti wanayo mabishano haya juu ya wageni wa asili yao wanaotoka Marekani, Kanada na Australia, wakafika Edinburgh wamevaa kilti, ile sketi ya sufu ya mirabaraba yenye marinda. Nasi tunayo. Mjukuu wa Mnyambo aliyekulia Unguja, Dar es Salaam au London akirudi Karagwe au Kyerwa kwa arusi ya nduguye, akaomba avikwe rubugo, nguo ya gome la mti, hakosi mtu wa kumcheka.

Nasema neno hilo ni baya, na ubaya wake haukomei katika kumvunjia mgeni heshima. Linakiua kitu kile kile linachodai kukilinda.

Wapinzani hutanguliza hoja ya usafi. Vazi la asili, wanasema, ni la wenyewe tangu na tangu, halikuguswa na mkono wa mgeni. Na tulitazame basi hilo la Waskoti linalotolewa mfano dunia nzima. Baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, serikali ya London ilipiga marufuku mavazi ya watu wa milimani, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne, mtu wa ukoo uliotoka Ujerumani, alizuru Edinburgh akavaa kilti, katika sherehe zilizopangwa na mwandishi Walter Scott. Jemadari aliyewavunja watu wa milimani pale Culloden alikuwa ndugu wa babu yake mfalme huyo. Mji ulishangilia. Hata watu wa nyanda za chini, ambao wazee wao waliiona kilti kuwa nguo ya washenzi wa milimani, wakakimbilia kwa mafundi wakashonewa. Wapo pia wanahistoria wanaosema kuwa kilti fupi ya leo ilibuniwa katika karne ya 18 na Mwingereza mwenye kiwanda cha chuma, Thomas Rawlinson. Wengine wanalipinga hilo; lakini ubishi wenyewe watosha kutuonyesha kuwa usafi unaodaiwa haupo.

Sasa pima mwenyewe, msomaji. Mfalme ambaye ukoo wake ulipiga marufuku vazi alilivaa akashangiliwa. Mjukuu wa mkulima aliyefukuzwa katika ardhi yake milimani ili wafugwe kondoo, akapakiwa jahazini kwenda Kanada, akilivaa leo anachekwa. Ni haki gani hiyo?

Turudi kwetu. Mskoti mmoja alipata kukaa Karagwe kabla hata Wajerumani hawajafika. James Augustus Grant, mzaliwa wa Nairn, aliingia huko na John Hanning Speke mwezi Novemba 1861, wakapokewa na Mfalme Rumanyika. Grant aliuguzwa kidonda cha mguu katika nchi ya mfalme huyo hadi Aprili 1862, ilhali mwenzake alitangulia Buganda. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, Speke ameeleza jinsi walivyomkuta mwenyeji wao. Mfalme alikuwa amevaa joho jeusi la Kiarabu, miguuni shanga za rangi nyingi, mikononi vikuku vya shaba. Nduguye Nnanaji, aliyekuwa mganga, alijifunga kitambaa cha mirabaraba na kujaza hirizi mwilini.

Joho la Kiarabu, katika baraza la mfalme wa Karagwe! Na mirabaraba mwilini mwa nduguye, mbele ya macho ya Mskoti! Wala Rumanyika hakupungua ufalme wake kwa joho lile. Liliifuata njia ya misafara iliyotoka pwani yetu, ikapita Unyanyembe, ikaishia kwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa na kituo chao Kafuro, humo humo Karagwe. Msomaji wa pwani asijitoe katika habari hii: nguo ile ilipita mikononi mwetu. Kanzu nayo iliingia Buganda na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na leo Muganda ukimwambia kuwa kanzu si vazi lake la heshima atakuona umerukwa na akili. Kanga zetu zimepigwa chapa Uholanzi, Uingereza, Uhindi na Japani, na bado hakuna bibi wa Unguja atakayekubali kuambiwa kuwa kanga ni ya Mholanzi. Vazi huwa la watu kwa kukaa nao, kwa kuzaliwa na kuzikwa nao.

Nanyi wapenzi wa ushairi mnao ushahidi ulio karibu zaidi. Shairi la vina na mizani ni vazi la pwani. Je, ni nani aliyetuandikia kitabu cha sheria zake, kilichotoka mwaka 1954 na kusomwa shuleni kwa miaka mingi? Ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Ni nani aliyeivalisha ngonjera hadi ikapanda majukwaani nchi nzima? Ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma. Hatukuwauliza damu. Tuliwauliza vina, wakatupa vina. Tuliwauliza mizani, wakatupa mizani. Kama tungewafukuza mlangoni kwa kuwa hawakuzaliwa Lamu wala Mombasa, hasara ingekuwa yetu.

Nitajibiwa: je, kila apendaye avae apendavyo? La. Watu wa Kagera wanajua kuliko wengi madhara ya mtu anayejivika asichostahili. Idi Amin alijifunza kuwapenda Waskoti akiwa askari wa King's African Rifles chini ya maofisa wao. Akiwa mtawala wa Uganda alikuwa na wapiga zumari waliovaa kilti, akajiita Mfalme wa Uskoti. Dunia ilicheka. Kisha mwezi Oktoba 1978 majeshi yake yakaingia katika ardhi yetu, jirani na Karagwe, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni yake. Watu waliuawa, ng'ombe wakaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Waliosalia hawakucheka.

Hapo pana fundisho, lakini silo analolitaka mpinzani wangu. Kosa la Amin halikuwa kukosa damu ya Kiskoti. Angekuwa nayo tele, wale waliouawa wangelikuwa hai? Kosa lake ni kwamba alijivika ili atwae: cheo kisicho chake, na mwishowe ardhi isiyo yake. Hapo ndipo ulipo mpaka. Mgeni huvaa vazi la wenyeji ili apokelewe miongoni mwao; mtwaaji hulivaa ili wao wampokee kama bwana. Basi tumwulize aliyevaa amekuja kwa nia gani, na tuache kumhesabia mababu.

Na nia njema ina wajibu wake. Nasaba humfungulia mtu mlango, haimvishi. Rubugo si nguo ya ngoma tu: kwa Waganda, majirani wa Karagwe na Kyerwa, nguo ya namna hiyo huvaliwa wafalme wanapotawazwa, na maiti huzikwa nayo. Anayetaka kujifunga rubugo na aulize kwanza: nguo hii ni ya furaha au ya msiba, ni ya nani, hufungwaje? Asiyeuliza hakosewi akikemewa. Lakini anayekemea na awe tayari kufundisha. Kicheko hakifundishi kitu.

Wengine watasema rubugo lenyewe ni la Uganda, maana ni ufundi wa huko uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Ni furaha kwa Waganda, na haki yao. Ila mpaka unaotenga Kyerwa na Uganda ulichorwa na Waingereza na Wajerumani, na mti wenyewe, wa jamii ya mkuyu, haukuhudhuria mkutano wao. Mafundi wa gome huuchuna mti kwa uangalifu, kisha hulifunika shina kwa majani ya mgomba ili lisikauke. Gome jipya huota, na mti uleule huchunwa tena mwaka mwingine. Mti uliochunwa ukaachwa wazi juani hufa.

Tumechunwa nasi. Mashuka ya Merikani yaliyopanda na misafara yameziondoa ngozi na magome miilini. Serikali zetu wenyewe hazikusalimika na kosa la London ya 1746: mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamasai walilazimishwa katika Mkoa wa Arusha kuacha mavazi yao na kuvaa suruali, kwa jina la maendeleo. Baada ya yote hayo, anapotokea kijana anayesema "nifundisheni walivyovaa babu zangu", sisi tunamkagua damu?

Wapinzani hupenda kutukumbusha kuwa mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli. Basi aliyeuzwa utumwani huo na wazee wake, kwa kuhama au kwa kufukuzwa, naye sasa anataka kujikomboa, mbona mnamfungia mlango? Wapo kina mama na kina baba wa Kayanga, Bweranyange na Murongo wanaozikumbuka bado nguo hizo na namna zilivyofungwa. Hawatakuwapo daima, na mwanafunzi wao wa mwisho huenda akawa ni huyo mjukuu anayetamka Kinyambo kwa kukwamakwama. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mgeni njoo uonyeshe cheti cha ukoo. Mfungieni rubugo lake, mkimweleza. Akikosea, mfungueni, mmfunge upya.