Haki ya njia na haki ya jirani katika mitaa ya maghorofa

 

Ndugu Waislamu, hivi karibuni tulikwenda Sinza, Dar es Salaam, kumsindikiza mzee mmoja katika safari yake ya mwisho. Gari la kuchukulia maiti halikufika mlangoni, kwa kuwa magari yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili za njia, mbele ya jengo la ghorofa lililosimama mahali ilipokuwa nyumba ya familia moja. Tukalibeba jeneza mabegani, na hilo lina thawabu yake. Lakini mwanawe marehemu akaninong'oneza kwamba hata usiku wa ugonjwa gari halikufika mlangoni, na baba yake alitolewa hadi barabara kubwa akiwa amebebwa juu ya kiti cha plastiki.

Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa katika miaka ya 1970, katika mpango wa viwanja na huduma. Njia zake za ndani zilikusudiwa watu waendao kwa miguu na gari moja moja. Leo kiwanja kilekile kinabeba familia kumi au ishirini, na kila moja, Alhamdulillahi, ina gari au inatarajia kuwa nalo. Shimo la maji machafu lililochimbwa kwa ajili ya nyumba moja linafurika mvua za masika zikianza, na dirisha la ghorofa ya tatu linatazama moja kwa moja ua wa jirani, ambamo mama na binti zake walizoea kukaa bila ya shungi.

Wapo wanaoniuliza kama haya si maghorofa yaliyotajwa katika hadithi ya Jibril (A.S.), ya wachunga mbuzi watakaoshindana kwa majengo marefu. Jawabu ni kwamba ile ni alama ya Kiyama, na si kila kilicho alama ya Kiyama ni haramu. Kwa sensa ya 2012 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao milioni 4.36, na kwa sensa ya 2022 wamefika takriban milioni 5.38. Watu hao lazima walale mahali. Vijana tunaowahimiza waoe mapema watampeleka wapi mke ikiwa kila mtaa utakataa nyumba za kupanga? Na tuseme kweli, baadhi ya malalamiko ninayoyasikia hayahusu njia wala maji machafu. Ni dharau tu kwa wapangaji. Aya ya 36 ya Suratun Nisaa imeamrisha wema kwa jirani wa karibu na kwa jirani mgeni pia, na mpangaji aliyehamia jana tayari ni jirani.

Basi hatukatazi kujenga. Tunachokataza ni dhara, na msingi wa kutodhuru na kutodhuriana ni miongoni mwa misingi mikubwa ya fiqhi yetu. Katika karne ya 14 Ibn al-Rami, aliyekuwa mwashi mjini Tunis, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo katika madhehebu ya Imam Malik, akizungumzia kuta, madirisha yanayochungulia kwa watu, maji machafu na njia. Na katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliagiza kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia, upana wake uachwe dhiraa saba, ambazo ni kiasi cha mita tatu na nusu. Pimeni mtaani kwenu nafasi inayobaki baina ya magari saa nne usiku, kisha mjiulize kama gari la zimamoto litapita.

Mwenye jengo anayechukua kodi ya nyumba ishirini bila ya kuacha nafasi hata ya magari matano ndani ya kiwanja chake, anachuma faida peke yake na dhara anawagawia wengine. Sisemi kwamba kila anayeegesha njiani amedhulumu ardhi. Mgeni wa saa moja ana udhuru. Lakini anayeifanya njia ya umma kuwa ua wake wa kudumu ajue kuwa anatumia mali yenye washirika wengi, na hakuwaomba ruhusa.

Nasi wakazi tuna kosa letu. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imeweka utaratibu wa idhini kabla ya kiwanja kubadilishwa matumizi, na ya Mazingira ya 2004 inataka wananchi wasikilizwe miradi inapofanyiwa tathmini. Wakati huo ndio wa kwenda serikali ya mtaa na manispaa, kuuliza magari yatakaa wapi na maji yatakwenda wapi. Sisi hunyamaza mpaka ghorofa ya nne imalizike, ndipo tunapoanza kulaani.

Limebaki la leo Ijumaa, nalo linatuhusu zaidi kuliko wenye maghorofa. Saa saba mchana mitaa mingi yenye misikiti hufungwa na magari yetu wenyewe. Jirani, na huenda si Muislamu, ana mgonjwa ndani, naye anasubiri tutoe salamu ndipo atoe gari lake. Kuondoa cha kuudhi njiani kumehesabiwa katika matawi ya imani, nasi tunakiweka njiani tukiwa na udhu! Kamati za misikiti ziwasimamishe vijana wawili nje kabla ya khutba, waache upande mmoja wa njia wazi, na imamu atangaze namba ya gari lililoziba lango la mtu kabla hajapanda mimbari. Na anayekaa umbali wa kutembea, aliache gari nyumbani.