Nauli ya familia: Mzazi apige hesabu ya watu wote

MKULIMA wa Tibirinzi anapotaka kupeleka familia Unguja, huuliza kwanza nauli ya mtu mzima. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwani chombo chenye nauli ndogo ya mkubwa si lazima kiwe rahisi kwa mwenye watoto.

Chukulia mfano wa wazazi wawili na watoto watatu. Chombo cha kwanza kinatoza Sh 25,000 kwa mkubwa na Sh 20,000 kwa mtoto. Jumla Sh 110,000. Cha pili kinatoza Sh 30,000 kwa mkubwa, lakini mtoto hulipa nusu. Jumla Sh 105,000. Mtoto akiwa mmoja tu, cha kwanza ndicho rahisi.

Kwa hiyo, kabla fedha za karafuu hazijatoka mfukoni, mzazi aulize mambo matatu: punguzo linaishia umri gani, linahusu daraja lipi, na mizigo inalipiwa vipi. Gari ya kufika bandarini Mkoani nayo iingie kwenye hesabu.

Hata hivyo, mtoto mchanga anayesafiri bure lazima naye aandikwe jina. Mv Spice Islander ilipozama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake, na idadi yao ikazua utata mkubwa. Kumficha mtoto ili kuokoa nusu nauli ni kumwondoa kwenye orodha ya watakaotafutwa.

Wenye vyombo nao wabandike nauli za watoto, pamoja na umri, kwenye dirisha la tiketi. Punguzo lisilojulikana halimsaidii mkulima.